Uzi Mwekundu wa Mafundo Mawili

Harufu ya champali mpya za plastiki hainiachi nipite. Nikikatiza Biashara Street siku za mwisho wa Ramadhani, nikafika pale maduka ya leso yanapokwisha na ya viatu yanapoanza, pua hutangulia na miguu hufuata. Wanaonijua hudhani napenda viatu. Sipendi viatu hata kidogo. Nina jozi tatu tu, na mbili kati ya hizo ni za kazini. Lakini ile harufu, ya plastiki iliyofungiwa kwenye boksi ikapigwa na joto la Mombasa, hunisimamisha mlangoni mwa watu hadi muuzaji aulize kama nimepotea.

Mwaka huu imenizidi, kwa sababu Shangazi Rukia hayupo. Alituondokea miezi michache kabla ya mfungo. Siku ya kugawana vitu vyake wengine walitaka kitanda cha samadari, wengine wakataka cherehani, na leso zake zikagombewa kwa adabu, yaani kila mtu alisema chukua wewe huku mkono umeshashika. Mimi niliomba kopo. Ni kopo la maziwa ya unga, limeota kutu mdomoni, na ndani yake mna nyuzi. Binamu yangu alinitazama kana kwamba nimeomba taka, akanipa upesi kabla sijabadili nia.

Shangazi alikuwa dada yake baba, na tuliishi naye nyumba moja Mji wa Kale, yeye chumba cha mbele na sisi vya nyuma. Kazi yake ilikuwa kupinda leso. Leso ikitoka dukani huwa ni pande moja refu. Lazima ikatwe mbili na kushonwa pindo, na kina mama wengi wa mtaa wetu walimletea yeye. Cherehani ilikaa dirishani, na sauti yake ndiyo iliyonilaza mchana miaka yote ya utoto wangu. Kwa hiyo nyuzi zilikuwa kila mahali: kwenye mikeka, kwenye nywele zangu, mara nyingine hata kwenye wali.

Kila mwaka kina mama hao walichanga walichonacho, wakamkabidhi yeye awanunulie vitu vya Idi watoto wa nyumba moja ya malezi iliyokuwa upande wa Kibarani, enzi zile jaa la taka lingalipo na moshi wake ukiingia hadi ndani ya vyumba. Walikuwepo watoto wa kila umri, kuanzia anayetambaa hadi kijana aliyekwisha kuota ndevu. Fedha hazikutosha mwaka wowote, na nadhani ndiyo maana alipewa yeye kazi hiyo. Alijua kuchagua.

Wa kutambaa aliwashonea winda, yaani nepi, kwa vipande vya leso vilivyobaki, laini kwa kufuliwa. Wanaoanza kutembea aliwanunulia vikombe vya plastiki vyenye mikono miwili, vyote rangi moja, kwa sababu alisema ukileta rangi mbili umeleta vita. Wa shule za chini walipata kamba ya kuruka au gololi kumi ndani ya kifuko alichokishona mwenyewe. Mwanasesere hakumnunua kamwe. Kina mama walikuwa na tabia ya kumletea wanasesere waliokwisha kukatika mikono, walioachwa na watoto wao, naye aliwapokea kwa shukrani, akaniachia mimi niwachezee, na habari zao zikaishia hapo.

Wakubwa ndio waliompa mawazo. Alilalamika kwamba watu wote huwakumbuka wadogo, na mtoto akishafika miaka kumi na mitatu hupewa ndoo ya sabuni ya kufulia kana kwamba sikukuu imemwacha. Yeye aliwanunulia kufuli. Kufuli dogo la shaba, lenye funguo mbili, la kufungia sanduku la bati. Wasichana wakubwa waliongezewa furushi la karatasi ya kaki ambalo alilifunga mwenyewe na sikuruhusiwa kulifungua hadi nilipofikia umri wa kuhitaji vilivyomo. Mimi kufuli lilinitia wasiwasi. Niliona ni kuwaambia kuwa nyumba yao ina wezi. Nilimuuliza siku moja, naye alijibu huku uzi uko mdomoni kwamba mtu anayelala na wenzake ishirini chumba kimoja, hata akiwa na barua moja tu, ataka pa kuifungia. Sikuelewa. Nililala na wazazi wangu na sikuwa na barua.

Kisha kila anayetembea, mkubwa kwa mdogo, alipata champali. Hapo ndipo nyuzi zinapoingia. Mwezi wa Shaabani Shangazi alikwenda kule na mkasi na nyuzi zake, akapima mguu wa kila mtoto, kisigino hadi kidole gumba, akakata uzi palepale. Kila umri ulikuwa na rangi yake: wadogo manjano, wanaowafuata kijani, wa umri wangu nyekundu, wakubwa buluu. Wavulana uzi ulikuwa na fundo moja, wasichana mawili. Kisha nyuzi zote zilitiwa koponi, na kopo ndilo lililokwenda dukani. Hakutaka watoto wenyewe waende. Aliwahi kuwaona watoto wamepangwa foleni mbele ya duka la viatu, wapita njia wamesimama kutazama, na mwenye duka akiwataka waoshe miguu kwanza. Alisema siku ile alirudi nyumbani hajanunua alichokifuata.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa amesimamishwa kazi. Asubuhi nilimwacha amekaa kwenye kiti chake na kikoi, akifungua radio ambayo haikuwa imeharibika, na nikirudi nilimkuta akiirudishia misumari. Hakuna aliyenieleza kitu, lakini mtoto haelezwi, huona: samaki alipungua chunguni, na nilipomuuliza Mama kuhusu viatu vya Idi alisema vya mwaka jana bado vizuri, vitapanuka. Vilikuwa vikinibana vidole.

Chuoni, pale tulipokuwa tukisomea Kurani, nilikaa na Nasra. Nasra alikuwa msichana wa kujua mambo ya watu. Alijua nani amepewa nguo na nani amenunua, na mtu akiingia na kanzu mpya alimkagua pindo hadi kola, halafu akaninong'oneza, "Huyo avaa vya sadaka." Mimi nilicheka. Ningependa kusema sikucheka, lakini nilicheka kila mara, na kwa sauti.

Basi wiki ya mwisho ya mfungo Shangazi alinipa kopo nizipange nyuzi kwa rangi. Nilikaa ngazini, kwenye kidaraja kilichopata mwanga, nikazilaza juu ya paja. Sijui ni nini kilichonituma kujipima. Nadhani ni uvivu tu, mikono ikitafuta mchezo. Nilichukua uzi mwekundu wa mafundo mawili nikauweka kisiginoni, nikauvuta. Uliishia kwenye ncha ya kidole gumba. Haukuzidi, haukupungua.

Nilijipima tena kwa mguu wa pili. Kisha nilikaa na uzi ule mkononi, na kila kitu kikanijia kwa mpango, kwa ule mpango wa kitoto ambao hauna tundu: Baba hana kazi, Mama amesema hakuna viatu, na Shangazi amenipima nikiwa nimelala. Nimetiwa humu. Siku ya Idi nitavaa champali za kopo, na Nasra atamnong'oneza mwenzake habari zangu.

Ukuta wa ngazi yetu ulikuwa wa mawe ya zamani, na chokaa ilikuwa imebanduka mahali pamoja ikaacha tundu la upana wa kidole. Niliuvingirisha ule uzi, nikausukuma ndani hadi kidole hakifiki. Nakumbuka nilihisi raha. Niliona nimeiokoa heshima ya nyumba nzima.

Dukani kazi yangu ilikuwa kulaza uzi juu ya soli na kusema hii au siyo hii. Muuza viatu, tuliyemwita Ami Salehe, alitushushia maboksi kutoka juu, na ile harufu ikashuka nayo. Shangazi alinunua kwa kuhesabu nyuzi. Kila uzi ulioshapata jozi ulihamia mfuko wa pili. Tulipomaliza alitazama ndani ya kopo, akasema aliziona nyekundu kama zilikuwa nyingi zaidi. Nilisema ndizo hizo. Alikuwa amefunga, na jua la alasiri lilikuwa limempiga kichwani, akalipokea jibu langu.

Tulikwenda Kibarani siku mbili kabla ya Idi, tuktuk imejaa mifuko hadi nikakalia mmoja. Uani watoto walijipanga bila kuambiwa. Shangazi hakuwa akiita majina. Alizipanga champali chini kwa ukubwa, na kila mmoja alikuja akaweka mguu juu ya soli, ikimwenea ikawa yake. Vikombe viligawiwa, gololi zikaanza kulia papo hapo, na wale wakubwa walipokea makufuli yao wakaondoka nayo kando, kila mmoja akijaribu ufunguo peke yake. Nilimtazama mmoja akifunga na kufungua, akifunga na kufungua, na hapo nikaanza kidogo kuielewa ile barua.

Mwishoni alibaki msichana mmoja. Aliitwa Mejumaa. Alisimama mbele ya sakafu tupu, amevaa ndara mbili zisizofanana. Shangazi alitazama mifuko, akaikung'uta, akatazama tena. Mimi nilitazama mguu wa Mejumaa. Sikuhitaji uzi.

"Yako nimeisahau mimi," Shangazi alimwambia. "Kosa ni langu, mwanangu. Kesho yaja, kabla ya Idi."

Mejumaa alisema si kitu. Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi, na akarudi nyuma ya wenzake. Kamba ya kuruka aliyopewa alikuwa ameikunja vizuri mkononi.

Shangazi Rukia hakuwa mtu wa kusahau. Alikumbuka pindo la leso aliloshona kabla sijazaliwa. Njiani alihesabu kwa vidole, akaanza tena, na tulipofika nyumbani nilimsikia akimwambia Mama kwamba amezeeka, mwaka ujao wamtafute mwingine wa kazi hii. Mama alimwambia asiseme hivyo. Nilikuwa upande wa pili wa pazia, na futari mbele yangu. Hata kaimati sikuzigusa, na mimi kaimati nilikuwa nikiziiba. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Asubuhi nilikwenda ngazini na sindano ndefu ya Shangazi kuutoa uzi, nikiwa na nia ya kuudondosha karibu na cherehani auone mwenyewe na mambo yaishe bila mimi. Nilichokonoa hadi chokaa ikanijaa machoni. Uzi ulizidi kuingia ndani.

Baada ya adhuhuri Shangazi alivaa buibui lake akasema anarudi dukani. Kwenda Kibarani kupima na kurudi tena kulikuwa safari mbili, na mwezi ungeweza kuandama jioni ile ile. "Ntakadiria," alisema. Niliomba kumfuata.

Biashara Street ilikuwa imefurika. Ndani ya duka la Ami Salehe watu walisimama bega kwa bega, na Shangazi akajipenyeza hadi kwenye champali za wasichana. Fedha aliyobakiwa nayo ilikuwa ya jozi moja. Alichukua moja, akaipima kwa kiganja, akafumba macho akimkumbuka yule mtoto. Kisha akampa Ami Salehe aifunge. Ilikuwa kubwa. Nilijua ni kubwa, Mejumaa angeburuta miguu sikukuu nzima.

"Shangazi," nilisema, "hiyo kubwa."

"Wajuaje?"

"Mguu wake ni sawa na wangu."

Alisimamisha mkono. Hakugeuka mara moja. Alipogeuka aliniuliza tena swali lile lile, polepole, "Wajuaje?"

Nilimwambia. Nilijipima ngazini, na uzi niliutia ukutani. Nilisema huku naangalia maboksi. Ami Salehe alianza kupanga viatu vilivyokwisha kupangwa.

"Ulidhani uzi ni wa nani?" Shangazi aliuliza.

"Wangu," nilisema.

Nilingoja kofi au kilio, maana yote mawili nilikuwa nayastahili. Shangazi alikaa kwenye kigoda cha kujaribia viatu, akashusha pumzi, akanitazama kama anayetafuta mahali uzi ulipokatika. Nadhani aliyaona yote palepale: radio ya Baba, viatu vya mwaka jana, hata Nasra ambaye hakumjua.

"Na ungekuwa wako," alisema, "ungekupunguzia nini?"

Swali hilo nimekua nalo hadi utu uzima. Alinitazama miguuni, akasema, "Haya. Vua kiatu."

Alitoa kibonge cha uzi mwekundu kwenye mkoba wake, hakosi, akapiga magoti sakafuni katikati ya watu. Aliushika mguu wangu kwa kisigino. Wateja walisogea kutupisha na baadhi yao walitazama, kama walivyotazamwa wale watoto wa foleni, na mimi nilisimama kwa mguu mmoja nimemshika bega. Aliupima, akaukata uzi kwa meno, akaufunga mafundo mawili. Ami Salehe alileta jozi nyingine, nyeupe, yenye kishikizo cha pembeni, na Shangazi akailinganisha na uzi, akautia uzi mkobani, akanivisha nitembee hatua tatu.

Zilinienea. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi kuliko magoti yake na macho ya watu. Vidole vyangu, vilivyobanwa miezi yote ile, vilikunjuka. Nilitembea hatua nne badala ya tatu, na nilitaka kuendelea kutembea hadi nyumbani.

Nasra aliingia wakati huo na mamake, mikono imejaa. Alinitazama miguuni. "Hizo ndizo zako za Idi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Zilikuwa miguuni mwangu, hakuna ambaye angenikanusha, na Shangazi alikuwa amegeuka kulipa. "Si zangu," nilisema. "Za Mejumaa. Namjaribia."

Nasra aliuliza Mejumaa ni nani. Nilimwambia ni mwenzangu, kisha nikainama nikazivua, nikavirudisha vidole mahali pake pa kubana.

Tulimkuta Mejumaa uani akifua. Alijipangusa mikono kwenye gauni, akavaa, akazunguka birika la maji mara moja. Kisha aliinua mguu akatazama soli. Ilikuwa na vumbi la sakafu ya duka.

"Zishatembewa," alisema.

"Nilikujaribia mimi," nilisema. Nilitaka kusema na mengine, nilikuwa nimeyapanga ndani ya tuktuk, lakini Mejumaa aliweka mguu wake kando ya wangu, champali mpya kando ya kiatu changu cha mwaka jana kilichofumuka ubavu. Alikitazama kiatu changu kwa muda. Aliona kidole kinavyosukuma ngozi.

"Basi zako zikija," alisema, "n'takujaribia mimi."

Sikulia pale. Nililia ndani ya tuktuk, na Shangazi aliniacha nilie hadi Makupa, akanipa ncha ya leso yake nipangusie. Habari ya uzi haikutajwa tena nyumbani kwetu, si siku ile wala miaka iliyofuata. Mama hakuambiwa. Mwaka uliofuata Shangazi aliendelea na kazi yake na mimi niliendelea kubeba kopo, na Baba akapata kazi nyingine bandarini, na mimi nikapata viatu. Mejumaa alikuwa ameshachukuliwa na jamaa zake wa bara. Sikupata kumwonyesha.

Shaabani hii kina mama wa mtaa waliniuliza nani atakwenda kupima, wakiniangalia kama hawaniangalii. Nilikwenda. Jaa halipo tena Kibarani na nyumba ile imehamia kwingine, lakini watoto ni wale wale, wa kutambaa hadi wa ndevu, na kufuli bado lapatikana kwa bei ya kuvumilika. Niliketi chini na kopo langu, nikapima. Msichana mmoja wa miaka tisa hivi, asiyetulia, alitia mkono ndani ya kopo nikimfungia mafundo yake, akachakura hadi chini kabisa. Alitoka na uzi mkuukuu, mwekundu uliofifia, una mafundo mawili, na upande mmoja umekatwa kwa meno.

"Huu ni wa nani?" aliniuliza.

Wenzake waligeuka kusikiliza. Niliuchukua, nikaunyoosha juu ya goti.

"Wangu," nilisema.